Anaulizia Panya Tu

Jumanne, tarehe 4 Machi

Wifi,

Naandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali. Salamu tunamaliza vizuri, likija neno la pili mmoja wetu anakata. Labda kwenye karatasi tutafika mwisho.

Habari za ajali nimezipata kwa madereva wenzake. Wameniambia lori lilipinduka, mdogo wangu akakimbizwa hospitali ya huko kwenu, na kwamba yu hai. Nilikaa chini palepale mlangoni, sindano ikiwa mdomoni. Lori lenyewe limevutwa hadi yadi ya huku, na walipokuwa wanatoa vitu ndani wakamkuta Spea chini ya kiti, amejibanza kwenye boksi la spana. Unamjua Spea, yule panya wa kijivu anayesafiri naye kila safari, anayemwita utingo asiyedai posho. Wakamleta kwangu kwa kuwa ndiko karibu.

Hali yake si nzuri. Ubavu umechanwa na kioo, mguu wa nyuma umevimba, na pembeni mwa macho ana wekundu kama damu iliyoganda. Nimemlaza kwenye kikapu, juu ya mabaki ya vitambaa vya sare za shule, maana kwangu hakuna kitu kingine kinachozidi vitambaa. Sijawahi kumshika panya kwa nia njema maishani mwangu. Huyu nimemshika, na anatetemeka kwelikweli.

Sasa tuje kwenye lililo moyoni. Yule ni mume wako, sikatai, lakini nimemlea mimi tangu mama yetu alipofariki. Ningekuwa nimeshafika. Ila siku ya harusi yenu nilipoingia jikoni kwako kupanga vyombo, uliniambia mbele ya watu kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Nami nikasema sikanyagi ulipo mpaka mwenyewe aniite. Sijasahau na sidhani umesahau. Niite, nitafunika cherehani siku hiyohiyo.

Niambie anaendeleaje. Na niambie hili, usinizunguke: ameniulizia?

Wifi yako,
Fundi cherehani

*

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Wifi,

Barua yako nimeipata. Ahsante kwa kujali.

Taya limevunjika, wamelifunga kwa waya. Mkono wa kulia uko kwenye plasta mpaka begani. Chakula ni kwa mrija: uji mwepesi, supu iliyochujwa, maziwa. Nimeomba ruhusa karakana, vanishi watapaka wengine. Kuongea hawezi, anaguna tu kooni. Manesi hawamwelewi, daktari hamwelewi, wakishindwa wananiita mimi. Mimi ndiye ninayemwelewa. Akiguna hivi ni maji, akiguna vile ni mto umeteleza. Nimeolewa naye, nisipomwelewa mimi atamwelewa nani?

Umeuliza kama amekuulizia. Anachoulizia ni panya. Alipofumbua macho, neno la kwanza alilolitoa kwa kuguna lilikuwa panya, na mpaka leo ni hilohilo. Hata mimi nimeshangaa. Mtu nakaa hapa kutwa nzima namfuta mate, kumbe roho yake iko kwa panya. Lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia, msaidie kwa huyo huyo. Mponye, basi.

Kuhusu kuja, usijisumbue. Hapa kuna kitanda kimoja na kiti kimoja, na kiti nimekikalia mimi.

Mke wa mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Wifi,

Panya. Haya.

Mtu nimembeba mgongoni, nimemfundisha kufunga kamba za viatu, nimemshonea suruali yake ya kwanza ya kazini, amefumbua macho akaita panya. Sikufichi, nililia. Nikakaa kwenye cherehani nikashona mikono miwili ya kulia kwenye shati moja la shule, mwenye shati akija kulichukua sijui nitamwambia nini. Kisha nikajipangusa. Nikasema kama panya ndiye anayetakiwa, panya atapona, hata kama nitafunga duka.

Nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Fikiria foleni nzima ya watu na mbuzi wao, na ng'ombe mmoja mwenye chongo, halafu mimi na kikapu. Alipofunua kitambaa, daktari alinitazama mimi kwanza badala ya mgonjwa. Lakini kazi yake anaijua. Kaniambia kidonda kioshwe asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi, yachemshwe kwanza yapoe, na kitambaa safi kila mara. Spiriti marufuku, poda marufuku, kwa sababu anajilamba, na lolote nitakalompaka atalila. Asilale juu ya wavu, nyayo zake zitachubuka zioze. Alale mahali pakavu, palaini, pabadilishwe kila siku mpaka kidonda kifunge. Na ule wekundu wa machoni si damu hata kidogo. Panya ndivyo wanavyotoa machozi, wakiumwa au wakiwa na hofu.

Sikujua. Nikamwambia Spea, kumbe na wewe unalia.

Nikatoa vile vitambaa vyote nikamtandikia shati la mdogo wangu, lile la drafti za bluu. Alilinusa, akalizunguka, akaingia kwenye mkono wa shati akalala. Tangu siku hiyo hatetemeki tena. Mwambie mwenyewe kwamba utingo wake anakula, mguu bado umevimba kidogo lakini anakula.

Na mimi je? Bado hajaniulizia?

Fundi cherehani

*

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Wifi,

Shati gani la drafti za bluu?

Mashati ya mume wangu nayafua mimi, nayaanika mimi, nayajua kwa idadi na kwa madoa. La drafti za bluu liko moja, na aliniambia liliibwa kwenye kamba za nyumba ya wageni, safarini. Nikamwonea huruma hata. Sasa naambiwa panya kalilalia nyumbani kwako.

Nikambana dereva aliyeleta barua yako. Kwanza alijifanya hajui kitu, nikamwambia nitamfuata mpaka nyumbani kwake, akasema. Kumbe kila safari mume wangu akipita huko anaegesha lori kwenye ukuta wako. Anakula kwako, anaoga, anabadili nguo, analala kidogo ndipo anaendelea. Mimi hapa namwekea chakula, akifika ananiambia ameshiba, njiani alikula korosho. Korosho! Miaka yote hii nahangaika na korosho kumbe korosho ni wewe.

Sikatai ni dada yake. Lakini mwanamke ana haki ya kujua mume wake anaoga wapi. Wewe ulijua kwamba sijui, na ulikaa kimya ukafurahi.

Naomba shati lirudi. Nakutumia gunia la maranda kutoka karakana. Ni ya mwerezi mtupu, yaliyorandwa kwa mkono, hayana vumbi. Hiyo ndiyo mbao tunayotengenezea makasha ya nguo ya watu wenye uwezo, na maranda yake watu wanayagombania kuweka kabatini. Panya atanukia kuliko mimi. Mtandikie hayo.

Mgonjwa anaendelea vizuri. Haongei mengi. Akiguna ni yale yale niliyokwambia.

Mke wa mdogo wako

*

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Wifi,

Ulitaka kumuua?

Nakuuliza kwa utulivu, maana siku zile mbili nilizokuwa sina utulivu nimezimaliza bila kushika kalamu. Maranda yako nilimtandikia siku ileile. Niliyatia kikapuni mengi, mpaka juu, nikasema angalau wifi leo kanitumia kitu kizuri. Duka lote lilinukia, wateja wanauliza. Kesho yake Spea akaanza kupiga chafya. Jioni pua nyekundu, pumzi inakoroma, amekaa pembeni kajikunyata, manyoya yamesimama. Nikakimbia naye kwa daktari nikiwa na kandambili za ndani.

Daktari alifunua kikapu, akanusa yeye, akanitazama. Akaniuliza nani kakupa mwerezi. Akasema harufu hiyo inayofukuza nondo makabatini ndiyo hiyohiyo inayomchoma panya mapafu, na msonobari mbichi nao ni vivyo hivyo. Mbao zote zinazonukia hivyo zikae mbali naye, na vumbi la mbao pia. Nikamwambia kanitumia wifi yangu. Akacheka kwa adabu, akasema pole.

Nimeyamwaga yote. Gunia nimempa jirani mwenye makabati. Sasa Spea analalia karatasi nyeupe, isiyo na wino wala manukato, nikiichana vipande vipande. Daktari ndiye aliyesema karatasi. Na bahati nzuri wewe unaandika barua fupi, unaacha nafasi kubwa pembeni. Nimekata zile pembeni zote nikamtandikia. Maneno yenyewe nimeyaweka kando, hayafai hata kwa panya.

Shati hilo hapo. Limefuliwa, doa la kidonda limegoma kutoka. Na kweli nilijua kwamba hujui. Na kweli nilifurahi.

Ameniulizia?

Fundi cherehani

*

Ijumaa, tarehe 28 Machi

Wifi,

Ningetaka kumuua ningemtumia sumu, isingekuwa na gharama ya gunia. Sikujua kuhusu mwerezi. Kwetu karakana ile ndiyo mbao ya heshima. Siku nikifungua kasha jipya nachungulia ndani nivute harufu kwanza, ndipo nipake vanishi. Nilikuchagulia kilicho bora na umeniita muuaji. Nimekusikia.

Shati limefika. Nililitandaza mapajani nikalichunguza. Kifungo cha tatu si cha kwake, lakini kimefanana na vingine mpaka ulipeleke juani ndipo uone. Kwapani pamechanika pakazibwa, na mshono hauonekani kwa nje kabisa. Kwenye kola umegeuza upande uliochakaa ukaingia ndani. Mume wangu mimi nikimwambia shati limechakaa, lete nilishone, ananijibu liache, anapenda hivyo hivyo. Kumbe alikuwa ananionea aibu. Alijua mkono wangu ni wa msasa na brashi, sindano siiwezi. Kwa hiyo akawa na mahali pa kushoneshea. Hilo limeniuma kuliko kuoga.

Sasa na mimi nina swali. Dereva anasema panya wako ana kidole pungufu mguu wa nyuma, na kwamba kilikatwa na daktari kwa sababu ya uzi. Mbona kwenye barua zako mguu umevimba kidogo tu? Umenisomea mashtaka ya maranda kwa urefu na mapana, la uzi ukalifunika.

Kwako ameumia na kwangu angeumia, basi ni bora aumie kwangu, kwa mwenye mume. Mpe dereva amlete. Nitamuuguza mwenyewe.

Mke wa mdogo wako

*

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Wifi,

Ni kweli, ni uzi.

Vile vitambaa vya sare vilikuwa vimechanika pembeni, nyuzi zinaning'inia. Uzi mmoja ulimzunguka kidole, kila akijivuta unakaza. Nilipouona kidole kilikuwa cheusi tayari. Mimi, fundi, nimeshindwa kuuona uzi. Daktari alikitoa siku ile ile ya kwanza, kabla ya shati. Sikukuandikia kwa sababu nilikuona unavyolisoma, umeinua zile nyusi zako. Nikasema sitampa huyu mwanamke neno la kunishikia.

Kwa hiyo tuko sawa. Wewe umempa bora ya kwako na mimi bora ya kwangu, na sote tumemuumiza. Karatasi chakavu ndiyo iliyomfaa.

Lakini simtoi.

Kidonda kimefunga, manyoya yanaanza kuota, anapanda pazia mpaka juu na kule juu anasahau namna ya kushuka, ananiita kwa macho. Ningeweza kukudanganya kwamba bado hawezi safari. Nilishaianza barua hiyo, nikaichana, pasipo na wino nikamtandikia. Simtoi kwa sababu ni kitu pekee ambacho mdogo wangu amekihitaji kutoka kwangu tangu aumie. Asubuhi naamka namuosha, nasema, hiki ndicho anachokiulizia, basi hiki ndicho nitakachompa. Nikikupa wewe Spea nitabaki na nini? Nitakuwa fundi wa sare aliyewahi kuwa na mdogo wake.

Kiti umekikalia wewe, mrija umeushika wewe, hata kuguna kwake unakuelewa wewe peke yako. Wifi, nakuonea wivu. Nimeandika na kalamu haikuvunjika.

Sitauliza tena baada ya leo. Niambie ukweli tu. Hata mara moja, hata kwa kuguna, hajanitaja?

Fundi cherehani

*

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Wifi,

Umeuliza, nakujibu. Hajakutaja.

Mke wa mdogo wako

*

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Dada,

Usishangae mwandiko. Plasta imetolewa jana, vidole bado vigumu, na barua hii naiandika kwa vituo kama lori linalopanda mlima. Waya wa taya bado. Mke wangu amekwenda karakana kuonana na bosi wake, nikaona nitumie nafasi hii, jamaa yangu yuko hapa ataibeba.

Dada, mbona hukuja?

Nilipofumbua macho nilikuita wewe. Nilikuwa najiona mtoto, na nakutafuta kwenye ile nyumba yetu ya zamani. Nikamwambia mke wangu, muite dada. Kesho yake nikamwambia tena. Akasema amekuandikia hujajibu. Nikamuuliza kila wiki, naye kila wiki ananiambia amekuandikia. Sikutaka kuamini. Nikasema labda ni yale maneno ya harusi, labda bado unayo. Kama ni hayo, dada, nakuomba uyaache. Mimi nilikuwa jirani na kufa.

Usimkasirikie mke wangu kwa lolote. Amenilisha kwa mrija muda wote huu, tone kwa tone, kwa mikono yake ile yenye vanishi kwenye kucha. Usiku hulala sakafuni chini ya kitanda changu. Amechana kanga, upande mmoja amejifunga mkononi na upande mwingine amenifunga mimi, ili nikijitikisa tu aamke, maana kuita siwezi. Nimemwona kakonda na hataki nimwambie.

Spea wangu alikufa kwenye ajali. Nilimwona anarushwa. Sijamwambia mtu kwamba nimemlilia, nani atanielewa, mtu mzima na panya. Nakwambia wewe tu.

Jibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako

*

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Mdogo wangu,

Mkeo aliniandikia. Barua zake ninazo, ziko hapa kwenye kasha la vifungo, fupi fupi kama kawaida yake. Hakukudanganya hata kidogo. Mimi ndiye sikuja. Unanijua kichwa changu, nilikuwa nimekwama na maneno ya harusi. Usimuulize tena habari hiyo, utamchosha bure, na amechoka vya kutosha.

Sasa kaa sawa kitandani. Spea hakufa. Yuko kwangu tangu siku zile. Ana kovu ubavuni na kidole kimoja kimepungua, kwa uzembe wangu, na sasa hivi anatembea juu ya sare ya mtoto wa watu akiacha nyayo. Nilimwomba mkeo asikwambie mpaka nihakikishe amepona, usije ukamlilia mara mbili.

Lia sasa, ukimaliza ule. Shati lako lile nimelirudisha kwa mwenye nalo.

Dada yako

*

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Wifi,

Mdogo wangu ameniandikia. Plasta imetoka, na mkono unasema. Usimgombeze, hajui alichokifanya.

Hakuwahi kumuulizia panya. Alifikiri panya kafa. Aliniulizia mimi, siku ya kwanza, na ya pili, na kila wiki, na kila wiki wewe ulikaa kwenye kile kiti chako ukaniandikia panya. Nilipokuomba ukweli kwa mara ya mwisho ukanipa maneno machache ambayo yameniweka kitandani siku nzima, mimi ambaye sijawahi kulala mchana. Wifi, umenifanyia kitu kibaya sana. Nakwambia kwa kalamu tulivu, lakini ujue ni kibaya sana.

Nikazitoa barua zako zote nikazipanga juu ya meza ya kukatia. Zile zisizo na pembeni nazo nikazipanga. Nikachukua bahasha kubwa nikaandika jina lake. Azisome mwenyewe, nikasema, aone amelala na nani. Spea akaja akakaa juu yake, nikamtoa, akarudi, nikamtoa. Sikuwa na haraka, nilikuwa naifurahia hasira yangu.

Halafu nikaisoma tena barua yake. Amesema usiku mnafungana mikono kwa kipande cha kanga. Hapo nikasimama. Nilijiuliza mimi ningefanya nini, niko pale sakafuni nimefungwa naye mkono kwa mkono, halafu anafumbua macho anamtaja mwingine. Nisingeandika panya. Ningeandika mgonjwa amekufa. Wivu wangu naujua, usingenituma kwenye jambo dogo.

Kwa hiyo nimemwandikia kwamba uliniita kila wiki na mimi ndiye niliyekataa. Hatakuuliza tena. Na panya nimemwambia nilikuomba umfiche mpaka apone, tusigongane kwenye hilo. Bahasha nimeichana, penye jina nimepatupa, nyeupe iliyobaki unajua iliko.

Sijasamehe, usinielewe vibaya. Sijui hata kama nitasamehe. Lakini mdogo wangu anataka kuniona, na mimi nilisema sikanyagi ulipo mpaka uniite, na neno langu sijalirudisha. Nimeshamwambia uliniita.

Sasa niite.

Fundi cherehani

*

Ijumaa, tarehe 18 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeisomea uani, nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa chini kwenye mchanga.

Siku ile alipofumbua macho nilikuwa nimemwinamia hivi, uso kwa uso. Nilikuwa nimekaa naye tangu walipomleta, sijaoga, sijala, namwambia amka, niko hapa. Akafumbua, akanitazama vizuri kabisa, akaniambia nikuite wewe. Nikasema atarudia, labda mara ya pili atasema mimi. Hakusema. Barua yako ikafika siku hiyohiyo, imejaa panya, na mwishoni lile swali. Mkono wangu ukaandika panya, na baada ya hapo sikujua pa kutokea.

Jana nilimkuta anaisoma yako. Alicheka na waya zake mpaka akaumia. Aliponitazama alinishukuru kwa kukuita kila wiki, akanishika kichwa. Umenipa mume wangu kwa mkono wako, nami siwezi hata kukuchukia kwa hilo, na kukuchukia ndiko nilikokuwa nimezoea.

Wifi, njoo. Nakuita mwenyewe, kwa mkono wangu, na hata nyumbani nimeshawaambia majirani unakuja. Panda gari la Jumamosi ijayo, na Spea umfunike vizuri asipigwe na upepo. Nimechana karatasi nyeupe nimejaza boksi, nimeangalia kipande kwa kipande, hakuna wino, hakuna uzi, na boksi nimeliweka mbali na karakana.

Akikuona atalia, namjua. Mimi nitatoka nje kidogo niwaache. Usinifuate na usimwambie ninalia, nikimaliza nitaingia mwenyewe.

Mke wa mdogo wako